Miti mizuri ikikataa, miiba inatawala
Somo kwa vijana watakaopiga kura mara ya kwanza

Maandiko ya kusoma nyumbani: Waamuzi 9 (sura nzima), Kutoka 18:21, Matendo 22:25-29, Yeremia 29:7, 1 Timotheo 2:1-2



Wiki hii tunasema na ninyi ambao hamjawahi kushika karatasi ya kura. Ninyi ni wengi. Katiba ya inchi yetu ilitangazwa tarehe 18 Februari 2006, na uchaguzi wa kwanza chini ya Katiba hiyo ulifanyika tarehe 30 Julai mwaka huohuo. Uchaguzi mkuu uliopita ulikuwa tarehe 20 Desemba 2023. Aliyezaliwa mwaka 2006 au baadaye hakuwa bado ametimiza miaka 18 siku ile. Muhula wa Rais na wa wabunge ni miaka 5, kwa hiyo uchaguzi unaofuata unatazamiwa mwisho wa mwaka 2028. Siku hiyo ikifika, vijana wote waliozaliwa tangu 2006 hadi mwisho wa 2010 watakuwa wapiga kura wapya. Ninyi ni kizazi cha kwanza kilichozaliwa baada ya Katiba hii, na wengi wenu leo wako kwenye kwaya, katika kundi la vijana na katika selule zetu.

Swali letu ni hili: siku hiyo mtakuwa wapi? Kwenye mstari wa kupiga kura, au nyumbani mkisema siasa si kazi ya mtu wa Mungu?

Mfano wa Yothamu

Fungueni Waamuzi sura ya 9. Gideoni amekufa, na mwanawe Abimeleki anataka kutawala. Angalieni vizuri namna anavyofanya kampeni, maana haina tofauti kubwa na ile tunayoiona kwetu.

Kwanza, anakwenda Shekemu kwa wajomba zake na kuwakumbusha kwamba yeye ni damu yao. Watu wa mji wanamkubali kwa sababu moja tu, kwamba ni ndugu yao. Hawaulizi ana akili gani, ana tabia gani, amewahi kumtendea nani mema. Hiyo ndiyo kura ya kabila.

Pili, wanampa vipande 70 vya fedha kutoka hekalu la mungu wao. Abimeleki hachimbi kisima wala hajengi daraja kwa fedha hizo. Anawakodi vijana wasio na kazi, wanaotembea nyuma yake popote anapokwenda, kisha anakwenda nao kuwaua ndugu zake. Hiyo ndiyo pesa ya kampeni, na hao ndio vijana wa kukodiwa.

Ndipo Yothamu, mdogo aliyeokoka peke yake, anapanda juu ya mlima na kuwapigia watu mfano. Miti ilitaka kumpata mfalme. Ikaenda kwa mzeituni, mzeituni ukasema una kazi yake ya mafuta. Ikaenda kwa mtini, mtini ukasema una utamu wake wa kulinda. Ikaenda kwa mzabibu, nao ukasema una divai yake. Mwishowe miti ikaenda kwa mti wa miiba. Mti wa miiba haukuwa na mafuta, wala matunda, wala divai. Haukuwa na kazi nyingine ya kuacha, basi ukakubali mara moja, na papo hapo ukaanza kutisha kwa moto.

Wapendwa, mzeituni haukutenda dhambi ya wazi. Haukuiba, haukuua. Ulikataa tu kujihusisha. Lakini kiti hakikubaki kitupu kwa sababu miti mizuri haikukitaka. Miiba ilikikalia. Na mwisho wa sura hiyo tunasoma kwamba baada ya miaka mitatu moto uliwaka kweli: watu wapatao elfu moja, wanaume na wanawake, waliteketea katika mnara wa Shekemu. Moto haukuuliza nani alimchagua Abimeleki na nani alibaki nyumbani.

Hesabu inayotupasa kuiangalia

Mwaka 2006, katika duru ya kwanza, karibu watu 70 kwa mia kati ya walioandikishwa walikwenda kupiga kura. Mwaka 2011 walikuwa karibu 59 kwa mia. Mwaka 2018 karibu 48. Mwaka 2023 karibu 43. Kila uchaguzi mstari unakuwa mfupi kuliko ule wa mbele yake. Leo, kati ya watu kumi wenye kadi ya mpiga kura, zaidi ya watano hawafiki kwenye chumba cha kura.

Tuseme haki: si wote waliobaki nyumbani ni wavivu. Mwaka 2023 watu wa Masisi na Rutshuru katika Kivu ya Kaskazini, na wa Kwamouth katika Mai-Ndombe, hawakupiga kura kwa sababu ya vita na ukosefu wa usalama. Mahali pengine vyumba vya kura vilifunguliwa na kuchelewa sana, hata kura ikaendelea siku zilizofuata. Mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kungoja mashine tangu asubuhi mpaka usiku. Hayo ni makosa ya wale wenye kuongoza kazi hiyo, na ni haki kuyasema.

Lakini pia wako wengi ambao walikuwa na kadi, njia ilikuwa wazi, na hawakwenda. Kwao kadi ilikuwa kitambulisho cha kupita kwenye barieri, cha kununulia laini ya simu na cha kutolea pesa. Walijipanga siku nzima kuipata, kisha siku ya kazi yake yenyewe wakaiacha ndani ya mkoba.

Kumbukeni Beni

Kijana anayesema kura haina maana, akumbuke yaliyotokea Desemba 2018. Siku chache kabla ya uchaguzi, CENI ilitangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi hazitapiga kura pamoja na inchi nzima. Sababu zilizotolewa zilikuwa Ebola na ukosefu wa usalama kule Beni na Butembo, na mauaji kule Yumbi. Watu zaidi ya milioni moja waliachwa nje. Uchaguzi wao wa wabunge ulifanyika tarehe 31 Machi 2019, wakati Rais alikuwa amekwisha kuapishwa tangu tarehe 24 Januari. Kwa kiti cha Rais, sauti yao haikuhesabiwa kamwe.

Walifanya nini tarehe 30 Desemba, siku ambayo wengine walikuwa wakipiga kura? Watu wa Beni walipanga vyumba vyao wenyewe vya kura. Walijipanga mistari mirefu, vijana wengi kati yao, wakachagua kwenye karatasi na kuzitia katika masanduku, huku wakijua kwamba hakuna ofisi itakayozihesabu. Hawa walikuwa watu waliozika ndugu zao kwa miaka mingi kwa sababu ya mauaji. Walijua thamani ya kitu walichonyimwa.

Tumnyime nani usingizi, wapendwa? Yule aliyenyimwa kura akajipanga mstari, au yule aliyepewa kura akalala?

Si zamani sana kura ilikuwa haba kwa kila mtu. Mwaka 1960, katika uchaguzi wa kuelekea uhuru, wanawake hawakupiga kura. Mwaka 1970, 1977 na 1984 mgombea wa urais alikuwa mmoja tu. Wazee wetu wanakumbuka karatasi ya kijani na karatasi nyekundu, na namna ilivyokuwa hatari kuonekana umeshika nyekundu. Kwa hiyo mwaka 2006 watu walikuwa wamengoja zaidi ya miaka 40 kuchagua kweli. Wewe umekuta mlango umekwisha kufunguliwa.

Maneno manne tunayoyasikia kanisani

La kwanza: "Uraia wetu uko mbinguni." Ni kweli, na Paulo ndiye aliyetufundisha hivyo. Lakini Paulo huyohuyo, walipomfunga ili wampige mijeledi kule Yerusalemu, alimwuliza askari kama ni ruhusa kumpiga raia wa Roma ambaye hajahukumiwa. Jemadari aliogopa. Yeye alikuwa amenunua uraia wake kwa mali nyingi, lakini Paulo alizaliwa nao. Paulo hakuona kwamba kutumia haki ya dunia ni kuikana mbingu. Alitumia haki ile ili kazi ya Injili iendelee. Wewe nawe hukununua uraia wako. Umezaliwa nao. Utumie.

La pili: "Mungu ndiye anayeweka wafalme, kura zetu ni za nini?" Mungu ndiye anayetoa mvua pia, na bado tunalima. Mungu ndiye anayeponya, na bado mama anampeleka mtoto kupata chanjo. Yethro alipomshauri Musa juu ya viongozi, hakumwambia akae angoje washuke kutoka mbinguni. Alimwambia atafute kati ya watu, tena akampa alama nne: watu wenye uwezo, wanaomcha Mungu, wa kweli, wanaochukia mali ya dhuluma. Kutafuta ni kazi. Kuchunguza ni kazi. Hata katika Matendo sura ya 6, kanisa lenyewe ndilo lililochagua wale watu saba wa kugawa chakula.

La tatu: "Mtumishi wa Mungu atatuambia nani wa kumchagua." Hapana. Kura ni ya siri, na Katiba katika kifungu cha 5 inasema hivyo. Mchungaji anaweza kukufundisha tabia ya kiongozi mwema, anaweza kukuombea, lakini hawezi kushika mkono wako mbele ya mashine. Madhabahu si mahali pa kampeni. Na mtu akileta unabii wa jina la mshindi, jueni kwamba unabii si karatasi ya kura. Mpimeni kama Maandiko yanavyotuamuru kupima kila kitu.

La nne ndilo zito kuliko yote: "Kura zinaibiwa." Hatutawadanganya vijana wetu kwamba hilo halijatokea. Baada ya uchaguzi wa 2018, maaskofu wa Katoliki walisema mbele ya watu wote kwamba matokeo yaliyotangazwa hayalingani na yale watazamaji wao waliyoyakusanya. Januari 2024 CENI yenyewe ilifuta kura za wagombea 82 kwa sababu ya udanganyifu na makosa mengine, na kufuta uchaguzi wote wa wabunge katika Masimanimba na Yakoma. Kule kura ilirudiwa tarehe 15 Desemba 2024.

Lakini jiulizeni: maaskofu walipata wapi nguvu ya kusema? Walisema kwa sababu maelfu ya watu, vijana wengi kati yao, walikaa kwenye vyumba vya kura mpaka usiku, wakaandika hesabu waliyoiona kwa macho. Mwizi hafurahii mlango wenye mlinzi. Anayebaki nyumbani kwa kuogopa wizi anamfungulia mwizi mlango na kumzimia taa.

Kura yako inachagua nani

Vijana wengi wanafikiri kura ni ya Rais tu. Tazama vizuri.

Rais anachaguliwa moja kwa moja na wananchi, kwa duru moja tangu Katiba iliporekebishwa mwaka 2011. Anayepata kura nyingi kuliko wengine anashinda, hata kama hakufikisha nusu.

Mbunge wa taifa anakwenda Kinshasa kutunga sheria na kupitisha bajeti. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Unapochagua jina la mtu, kura yako inahesabiwa kwanza kwa orodha ya chama chake. Viti vinagawanywa kati ya orodha, kisha ndani ya orodha wanaangalia nani amepata kura nyingi. Tena chama kisichofikisha kura 1 kwa mia katika inchi nzima hakipati kiti katika mgawanyo huo. Maana yake nini? Unaweza kumchagua mzee wa kanisa lako kwa sababu ni mtu mwema, na kura yako ikampeleka bungeni mtu mwingine wa chama kilekile usiyemjua. Kwa hiyo usiulize tu mtu huyu ni nani. Uliza pia anasimama na nani.

Mbunge wa jimbo ndiye anayesahauliwa, na ndiye aliye karibu nawe. Wabunge wa jimbo ndio wanaomchagua liwali wa jimbo, na ndio wanaowachagua maseneta. Ukimchagua mtu wa kununuliwa kwa nafasi hiyo, usishangae akiuza kura yake siku ya kumchagua liwali. Alinunua kwako kwa bei ndogo, anauza kule kwa bei kubwa, na barabara ya kartie yako inabaki na mashimo.

Mwaka 2023 komine kadhaa zilichagua pia washauri wao. Huo ni uongozi wa takataka, wa soko, wa mifereji. Kijana anaweza kuanzia hapo hata kugombea.

Mambo ya kutenda

1. Jiandikishe. Ukitimiza miaka 18 na wewe ni Mkongomani, una haki. Askari na polisi walio kazini ndio sheria inawakataza kupiga kura. CENI inapofungua vituo katika jimbo lako, nenda siku za kwanza, usingoje wiki ya mwisho wakati mstari umejaa.

2. Fikiri mahali pa kujiandikisha. Mtu hupiga kura pale jina lake lilipoandikwa kwenye orodha. Mwanafunzi anayejiandikisha mjini na kurudi kijijini wakati wa likizo atakuta jina lake liko mbali naye.

3. Itunze kadi. Maandishi ya kadi nyingi za 2023 yalififia mapema. Usiiache juani wala karibu na moto, wala usimpe mtu aishike kama dhamana ya deni. Akija mtu wa chama kukusanya namba za kadi za vijana, mkatalie.

4. Mjue mgombea kabla ya kampeni. Wakati wa kampeni kila mtu ni mwema. Uliza alifanya nini miaka mitano iliyopita, wakati hakuna aliyekuwa akigawa kikwembe.

5. Siku ya kura, amka mapema. Vyumba vinapaswa kufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Ukiwa umekwisha kufika kwenye mstari saa ya kufunga, una haki ya kupiga kura, usirudi nyumbani. Tafuta jina lako kwenye orodha iliyobandikwa nje. Mwaka 2018 na 2023 tulitumia mashine: unapewa karatasi, unaiingiza, unachagua picha kwenye kioo, mashine inachapa chaguo lako. Soma karatasi yako kabla ya kuitia sandukuni. Kama kuna bibi au babu asiyejua mashine, usiende kumchagulia. Mfundishe siku za mbele, nyumbani.

6. Usikimbie baada ya kupiga kura. Hesabu inafanywa katika chumba kilekile mbele ya mashahidi na watazamaji, na karatasi ya matokeo inapaswa kubandikwa mlangoni. Vijana mliosoma, jiandikisheni kuwa watazamaji kupitia makanisa na mashirika. Kujua kuandika namba vizuri ni huduma.

Mambo matatu ya kukataa

Kataa kukodiwa. Vipande 70 vya fedha viliwageuza vijana wa Shekemu kuwa wauaji. Leo ni tisheti, chupa ya bia na franga kidogo za usafiri, na kesho wanakuambia urushe jiwe. Mtoto wa mgombea hayupo kwenye mstari wa mawe. Ukiona hayupo, jiulize kwa nini uko wewe.

Kataa kura ya damu tu. Si vibaya mtu wa kabila lako akiwa mwema. Ni vibaya kabila likiwa sababu pekee. Abimeleki alikuwa ndugu yao kweli, na aliwachoma moto.

Kataa uongo wa simu. Kabla ya kutuma sauti au picha kwenye kundi la WhatsApp, uliza ni nani aliyesema, lini, na wapi. Matokeo yanayozunguka kabla chumba hakijamaliza kuhesabu ni uongo, hata kama yametumwa na ndugu wa kanisa.

Tuombe

Bwana, tunawaombea vijana wote watakaochagua mara ya kwanza, uwape akili na ujasiri. Tunaombea ndugu walio katika kambi za wakimbizi wa ndani na sehemu za vita, ili siku moja nao warudi kwao na kuchagua kwa amani. Tunawaombea wafanyakazi wa CENI, waogope wewe kuliko kuogopa wakubwa. Tunaombea viongozi tulio nao leo, kama Paulo alivyomwagiza Timotheo. Kwa jina la Yesu, amina.

Maswali kwa kundi la vijana na selule

1. Katika Waamuzi 9, ni nani aliye na lawama zaidi: mti wa miiba, au miti mizuri iliyokataa? Kwa nini?

2. Kutoka 18:21 inatoa alama nne za kiongozi. Mbunge wa jimbo letu wa sasa ana ngapi? Tutajuaje?

3. Ni nani katika selule yetu atakayetimiza miaka 18 kabla ya mwisho wa 2028? Andikeni majina yao, na mchague mtu mmoja atakayewasindikiza siku ya kujiandikisha.

Neema ya Bwana wetu iwe pamoja nanyi.